Huyo Habebi, Anavuta: Namna ya Kumsoma Mtu Katika Mchoro wa Nusu-Dhahania

Sebuleni kwa dada yangu, hapa Kisumu, kuna mchoro uliotundikwa juu ya kochi. Upana wake unapita mita moja kidogo. Chini umejaa wekundu wa udongo, katikati kuna kijivu cha ziwa kabla jua halijachomoza, na mpakani mwa rangi hizo mbili wamesimama watu. Wa kushoto ni mpigo mmoja mzito wa brashi, wa buluu iliyokolea: umeanza juu kwa kiduara, ukashuka ukipinda hadi chini, bila mikono. Wa kati ana mabega mapana na shingo ndefu, ila mahali pa uso mchoraji amepitisha brashi yenye kijivu kilekile cha ziwa. Wa kulia amemezwa na rangi. Goti lake lipo, unyayo wake upo tena umechorwa kwa uangalifu hadi vidole, lakini kuanzia kiunoni kwenda juu inabidi umtafute. Juu ya vichwa vyao kuna kivimbe cheusi kirefu.

Kila mgeni anayeketi pale huuliza maswali mawili, tena kwa mfuatano uleule. Hawa ni kina nani? Mbona hawana sura? Wengi huhesabu watu watatu. Mpwa wangu wa miaka saba husisitiza kuwa ni wanne, na kwa muda mrefu hakuna aliyemsikiliza.

Mimi kwa karibu miaka miwili niliwaeleza wageni, bila hata kusita, kwamba hao ni kina mama wanaotoka sokoni alfajiri, mizigo kichwani. Kile kivimbe cheusi ndiyo mizigo. Nilikosea, na kosa hilo ndilo lililonifungua macho.

Tuelewane kwanza kuhusu aina yenyewe. Kuna michoro inayomwonyesha mtu kama picha ya kitambulisho, kila kitu mahali pake. Kuna sanaa dhahania kamili, ambamo rangi na mistari haidai kuwa kitu chochote nje ya rangi na mistari. Katikati ya hizo mbili kuna eneo pana sana, na humo ndimo ilimo nusu-dhahania. Mchoraji ameanza na kitu cha kweli, mtu au ng'ombe au mashua, kisha akapunguza. Amenyoosha hapa, amekata pale, ameacha pengine patupu. Mtu bado yumo, lakini hakuletwa mzima.

Kupunguza huko ni kazi, na kila kinachoondolewa hukiongezea uzito kilichobaki. Mchoraji aliyemnyima mtu macho, pua na mdomo, kisha akakaa kumchorea vidole vya mguu mmoja baada ya mwingine, amekwisha kukuonyesha pa kutazama. Kwa hiyo swali la "mbona hawana sura" naligeuza: kwa kuwa sura zimeondolewa, ni nini kilichoachwa? Hapo ndipo usomaji unapoanza.

Watu wa upande huu wa Kenya wanalijua jambo hili kuliko wanavyodhani. Kwenye rafu, hatua tatu tu kutoka kwenye mchoro huo, dada yangu ameweka sanamu ya jiwe la Kisii, ile ya familia. Umewahi kuiona, labda hata unayo. Baba na mama wamechongwa kutoka jiwe moja, mikono yao imeungana ikawa kama pete, na katikati mna mtoto ambaye kichwa chake ni mpira mdogo tu. Hakuna jicho wala mdomo. Mafundi wa Tabaka, huko Kisii, huichonga kwa panga na kisu likiwa bado gogo la jiwe, wakaja na tupa, kisha wakaisugua kwa msasa na maji hadi ikawa laini kama sabuni. Mgeni yeyote akiishika mikononi ataitambua mara moja kuwa ni familia, na sijasikia hata mmoja akiuliza sura ziko wapi. Anashika, anazungusha, anasema, "Hawa wanapendana."

Amejuaje? Amesoma mikono ilivyoungana, vichwa vilivyoelekeana, na mtoto alivyowekwa ndani ya duara la wazazi. Amesoma miili. Kisha mtu huyohuyo anainua macho ukutani, anakutana na mtu asiye na uso, anakwama. Nadhani ni kwa sababu mchoro wa rangi tumeuzoea kama ndugu wa picha ya kamera, unaopaswa kutuonyesha fulani ni nani. Jiwe hatulidai hivyo. Ukitaka kujizoeza kusoma mchoro wa nusu-dhahania, shika kwanza sanamu ya Tabaka kwa dakika tano, halafu utazame ukutani kwa macho yaleyale.

Kuna sababu nyingine ya kukwama, nayo imo kichwani mwetu sote. Ubongo wa binadamu una pupa ya kutafuta watu. Ukitoka Kisumu kwenda Kakamega, pale Ilesi kando ya barabara, utaliona lile jiwe linalolia, Ikhonga Murwi: nguzo ndefu ya mwamba yenye jiwe kubwa juu yake, na maji yakitiririka kutoka juu. Kila mtu humwona mtu aliyeinamisha kichwa kwa huzuni. Ukienda upande wa Seme, kuna Kit Mikayi, "jiwe la mke wa kwanza" kwa Kijaluo, na wenyeji watakuonyesha katika miamba ile mume, wake zake na mtoto. Hakuna aliyechonga watu hao. Ni macho yetu.

Sayansi imelifuatilia jambo hili kwa karibu. Mwaka 1997 Nancy Kanwisher na wenzake nchini Marekani walieleza eneo la upande wa chini wa ubongo ambalo huamka zaidi tunapoona sura kuliko tunapoona vitu vingine. Miaka minne baadaye, mwaka 2001, Paul Downing akishirikiana na Kanwisher na wengine walieleza eneo jingine, mbali na lile la sura, linaloitikia mwili wa binadamu. Hilo la pili ndilo linalotuhusu hapa, maana huamka hata mwili ukiwa kivuli kitupu au mtu wa vijiti kama anavyochorwa na mtoto wa chekechea. Kichwani tumebeba msomaji wa miili ambaye hahitaji sura kabisa. Tatizo ni kwamba msomaji wa sura ana haraka na kelele zaidi, na akikosa sura analalamika kwanza.

Hata hivyo, pupa hiyo hiyo hutupotosha upande wa pili, tukamwona mtu mahali asipo. Katika mapango ya Mawanga na Kwitone, kisiwani Mfangano, kuna michoro ya kale inayonasibishwa na wawindaji wa jamii ya Watwa. Ni miduara ndani ya miduara, na mizunguko, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Mgeni mwenye hamu ataona macho, ataona vichwa. Lakini haya ni maumbo yenye utaratibu wake, hayana shingo, hayana mabega, hayana miguu. Kumlazimisha mtu humo ni kuikosea heshima kazi ya wenyewe. Basi kabla ya kumtangaza mtu, mimi hutafuta angalau viungo viwili vinavyoshikana kama vinavyoshikana mwilini: kichwa na shingo, bega na mkono, goti na unyayo. Kiduara peke yake ni kiduara.

Sasa nirudi kwenye kosa langu.

Jumamosi moja alikuja mama anayemletea dada yangu samaki kutoka ufuo wa Dunga. Alimimina ngege jikoni, akapita sebuleni na beseni tupu kungoja pesa zake, akasimama mbele ya mchoro. Nikaanza somo langu la kawaida: "Mama, unawaona hawa kina mama na mizigo yao?"

Alitazama kwa muda, kisha akasema, "Hapana, nyathina," yaani mwanangu. "Huyu habebi. Anavuta."

Nikamuuliza amejuaje. Hakunieleza kwa maneno mengi. Alilichukua lile beseni tupu, akalitua kichwani, akasimama. Shingo wima, mgongo wima, macho mbele. "Aliyebeba hawezi kulala nyuma hivi," akasema, akionyesha mpigo wa buluu ulivyopinda, "samaki wangemwagika wote." Kisha akaliweka beseni chini, akashika kamba isiyokuwepo, akaegemea nyuma, visigino vikichimba zulia. "Hawa wako kwenye kokoro. Wanavuta wavu kutoka ufuoni. Tazama miguu."

Nikatazama miguu. Yule wa kulia, ambaye nilikuwa nimempuuza kwa kuwa hana kiwiliwili, unyayo wake umeinuka vidole, uzito wote uko kisiginoni. Ndiyo maana umechorwa kwa uangalifu kiasi kile. Yule wa kushoto asiye na mikono, mikono yake imo ndani ya mpigo uleule, maana anayevuta kwa mwili wote mikono yake huishia kuwa sehemu ya kamba. Na kivimbe cheusi hakikuwa mizigo. Ni vilima vya ng'ambo ya ghuba, jinsi vinavyoonekana kabla ya mapambazuko, na vimepita juu ya vichwa vyote vitatu kwa usawa mmoja kwa sababu viko mbali.

Kokoro ni wavu uliopigwa marufuku kwa sababu hukokota samaki wachanga pamoja na wakubwa, lakini kila aliyekulia kando ya ziwa ameuona ukivutwa. Mama yule hakusomea sanaa. Alichokuwa nacho ni miaka mingi ya kubeba na ya kuwatazama wengine wakivuta, na mchoro wa nusu-dhahania humzawadia mtu wa aina hiyo, kwa sababu unazungumza kupitia uzito. Mahali uzito wa mwili unapoangukia huwezi kupadanganya. Mimi naamini kuwa swali la kwanza mbele ya mtu aliyechorwa nusunusu linapaswa kuwa hili: uzito wake uko wapi? Ukiweza, jipange wewe mwenyewe katika mkao wake, hata kama watu wanakutazama. Mgongo wako utakuambia kabla ya kichwa chako.

Kuna utafiti wa zamani unaoonyesha jinsi swali linavyoongoza macho. Mwanasayansi wa Kisovieti, Alfred Yarbus, alipima mienendo ya macho ya mtu aliyekuwa akitazama mchoro wa Ilya Repin, ule wa mwanamume anayerudi nyumbani kwake ghafla baada ya kuishi uhamishoni. Mtazamaji alikuwa yuleyule na mchoro uleule, lakini alipoulizwa hali ya mali ya familia ile, macho yake yalizunguka kwenye samani na mavazi. Alipoulizwa umri wao, yalikwenda kwenye nyuso. Yarbus alichapisha matokeo hayo mwaka 1965. Nikiwaza miaka yangu miwili ya kusema "mizigo", naona kwamba sikuwa nautazama mchoro. Nilikuwa nalitazama jibu langu. Sikuwahi kushuka hadi miguuni.

Baada ya uzito, tazama kingo. Mwili unaishia wapi na nyuma yake inaanzia wapi? Wachoraji wa nusu-dhahania hufungua mstari wa mwili makusudi ili kilicho nje kiingie. Uso wa yule wa kati umepakwa kijivu cha ziwa, maana yake ziwa limempita. Unaweza kusoma kwamba yeye na ziwa ni kitu kimoja, au kwamba ziwa limemfuta. Sitaki kukuchagulia, ila usomaji wowote lazima ushughulike na ukweli huo mmoja kwamba rangi ni ileile, kutoka brashi ileile.

Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, amelifikisha jambo hili mbali. Yeye huchora kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha Uganda kinachotengenezwa kwa gome la mti wa mutuba linalopondwa kwa nyundo za mbao hadi likapanuka. Gome halina usawa wa turubai: lina matundu, lina makovu, lina mishono. Watu wake huyeyuka ndani ya majani na anga, na mara tundu halisi la gome linakuja kuangukia mwilini mwa mtu. Hapo kingo ya mwili imeamuliwa na mchoraji akishirikiana na mti. Na kwa kuwa lubugo huko Buganda huwavika pia wafu wanapozikwa, mwili uliochorwa juu yake unabeba jambo ambalo turubai lisingeweza kulibeba. Nyenzo nayo husomwa.

Ibrahim El-Salahi wa Sudan alifika kwa njia tofauti kabisa, nami njia yake ndiyo inayonigusa kuliko zote. Alizaliwa Omdurman mwaka 1930, akasoma sanaa London, akarudi Khartoum akakuta watu wake hawavutiwi na alichojifunza ughaibuni. Akaanza kuandika maandishi madogo ya Kiarabu pembeni mwa michoro yake. Herufi zikakua. Baadaye akazivunja herufi zenyewe, na katika vipande vyake yakachomoza maumbo ya watu, wanyama na mimea. Mchoro wake mkubwa wa 1961 hadi 1965, ulioko katika jumba la sanaa la Tate huko London, una urefu na upana wa zaidi ya mita mbili na nusu, na watu wake warefu wenye nyuso kama vinyago wanasimama hivyo kwa sababu walianza wakiwa mwandiko. Ukimtafuta fulani katika sura hizo utachoka bure. Ukifuata mkono wa mwandishi, unapoanza na unapokunja, watakufungukia.

Nyuso za kinyago zina historia ndefu zaidi ya hapo. Mchoraji Picasso wa Hispania alipomaliza mchoro wake wa wanawake watano mwaka 1907, wawili wao wakiwa na nyuso zilizochongoka, alikuwa amekwisha kuona vinyago vya Afrika katika jumba la makumbusho la Trocadéro mjini Paris. Mara nyingi tunafundishwa kwamba usasa ulitoka Ulaya ukaja kwetu. Kwa jambo hili la kumpunguza mtu hadi abaki na kilicho muhimu, safari ilikuwa imeanzia upande wetu.

Rangi nayo huwasumbua wengi. Mtu wa buluu anamaanisha nini? Mara nyingi hamaanishi fumbo lolote. Rangi za joto, nyekundu na chungwa, husogea mbele ya jicho. Za baridi hurudi nyuma. Mchoraji akimpaka mtu buluu iliyokolea juu ya udongo mwekundu, amemfanya awe kama kivuli cha alfajiri, basi. Lakini yapo mazingira ambamo rangi husema waziwazi. Hapa Nyanza, waumini wa kanisa la Legio Maria huvaa kanzu za rangi, na mchoraji wa huku akichora umbo refu la rangi moja lililoshuka hadi miguuni, mtu wa Kisumu ana haki ya kuona kanzu kabla ya kuona kitu kingine. Haki hiyo inahitaji ushahidi, hata hivyo: je, kuna kitu cha pili katika mchoro kinachoiunga mkono, msalaba, rozari, mkusanyiko wa waumini? Kama hakuna, iache iwe dhana.

Jina la mchoro halikutusaidia. Nyuma ya turubai pameandikwa "Asubuhi", na kila usomaji unaingia humo. Basi nikampigia simu mchoraji, kijana aliyeanza kwa kuandika mabango ya vibanda na aliyekulia ufuoni. Nilimweleza habari ya mama wa samaki. Akathibitisha, kokoro, na akacheka kwa furaha kwamba miguu imesomwa. Neno la mchoraji nalichukulia kama ushahidi mzito, lakini halifungi mjadala. Nilipomuuliza kuhusu uso uliopakwa ziwa, alisema alipaka siku ya mwisho na hajui kwa nini. Uso ule bado upo, na bado unadai kusomwa.

Jioni moja, mwendo wa saa kumi na mbili, nilimkuta mpwa wangu ameketi sakafuni chini ya mchoro, mahali pake pa kawaida. Dirisha la sebule linatazama magharibi. Nikaketi kando yake nikainua macho, na jua lililokuwa likiingia kwa ubavu likanionyesha kitu ambacho hakionekani ukiwa kwenye kochi: matuta ya rangi chini ya rangi. Kulikuwa na kichwa, mgongo uliokunjwa, mguu mmoja uliotangulizwa. Mtu wa nne, aliyefunikwa, ameelekea upande wa pili wa wenzake. Niliwasha tochi ya simu nikaimulika kutoka pembeni, na akaonekana vizuri zaidi.

Mara hii nilikuwa na ujuzi, nikamsoma haraka. Kokoro lina kamba mbili na vikosi viwili, kimoja kila mwisho, vinavyosogeleana kadiri wavu unavyokaribia. Nikasema huyu ni wa kikosi cha pili. Nikampigia tena mchoraji kumwambia.

"Hapana," akasema. "Huyo ni wa mchoro mwingine. Turubai ni ghali, nilichora juu yake. Alikuwa mpiga nyatiti."

Nikarudi na tochi. Mpiga nyatiti, chombo cha nyuzi cha Wajaluo, huketi chini kwenye kigoda kifupi, amekunja mgongo, na kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma anayoigonga kwenye ubavu wa chombo. Lilikuwepo, lile tuta dogo la duara pale kwenye unyayo, ambalo nilikuwa nimelipita nikidhani ni jiwe la ufuoni.

Nilimuuliza mchoraji kwa nini hakuyasugua kwa msasa kabla ya kupaka upya. Alisema alikuwa na msasa mkononi, akayapapasa yale matuta, akauweka chini. Mpwa wangu bado anahesabu wanne. Jioni, jua likiingia, mimi pia.